Mizabibu Iliyokatwa Oktoba

Siku ya Alhamisi, tarehe 19 Novemba 1998, nilimpoteza mume wangu. Alianguka kazini, katika chumba cha ndoo na mafagio nyuma ya maduka makubwa ya Wheaton, na walipomfikisha hospitali hakuwa na pumzi tena. Ni moyo, waliniambia. Mwili ulisafirishwa kwao Dodoma. Mimi sikuusindikiza, kwa sababu makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, na anayetoka Marekani bila makaratasi harudi. Alizikwa nikiwa nimekaa kitandani Langley Park, simu sikioni, shemeji yangu akinisimulia: sasa wanateremsha, sasa mama anatupa udongo, sasa wingu limetanda, tunaharakisha. Kisha kadi ya simu ikaisha.

Juu ya kifo chenyewe sina mengi ya kuandika. Nataka kuandika juu ya mizabibu mitano, kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwa kupenda, bila kutumwa na mtu, na majira yote ya baridi yaliyofuata sikujua kama aliiua au hakuiua.

Mizabibu haikuwa yetu. Ilikuwa ya mzee mmoja Mbulgaria, mjane, aliyekaa peke yake katika nyumba ndogo ya matofali huko Wheaton, kati ya kituo cha basi na kazini kwa mume wangu. Mume wangu alipita hapo kila siku bila kumjua. Mwanzoni mwa kiangazi cha 1996 aliona majani yamechungulia juu ya ua wa mbao, na majani yale yalikuwa na madoa ya bluu. Akasimama. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu, na majani ya shambani kwa baba yake yalikuwa na madoa yale yale, kwa sababu ya mrututu, lile jiwe la bluu linaloyeyushwa pamoja na chokaa na kunyunyiziwa ili ukungu usile zabibu. Tangu aje Marekani hakuwa ameuona mrututu. Akabisha kwenye ua. Mzee akatoka na bomba la dawa mgongoni, amekunja uso, akidhani ni mtu wa serikali aliyekuja kumkataza.

Jioni ile mume wangu alichelewa kurudi, na aliporudi vidole vyake vilikuwa vya bluu. Nikamwuliza kama ameanza kupaka nyumba za watu rangi. Akasema amempata mkulima mwenzake. Nikamwambia mkulima wa Marekani ana trekta.

"Huyu hana trekta," akasema. "Ana matusi tu. Ila zabibu anaijua."

Mimi ni Mkamba wa Machakos. Nililelewa katika kanisa ambalo pombe haiguswi, na nyumba iliyopika pombe tulikatazwa kupita mlangoni kwake. Mume wangu alikuwa Mwanglikana wa Dodoma, na kwao divai ya Meza ya Bwana ilitokana na zabibu za majirani, kwa hiyo hakuona neno. Tulizoea kutaniana hivyo. Yeye alisema Kiswahili changu kimeanikwa juani kikasahaulika, nami nikamwambia chake kinatembea kwa miguu, hakifiki. Kuhusu huyo mzee nilimwekea sharti moja: aende amsaidie siku za Jumamosi, lakini mvinyo usiingie nyumbani kwangu. Alilishika sharti hilo hadi mwisho. Baadaye mimi ndiye niliyeanza kuingia nyumbani kwa mvinyo, maana Jumamosi nikiwa sina zamu nilimfuata.

Nilipokutana na mzee mara ya kwanza nilimwamkia kama ninavyomwamkia mtu wa umri wake. Mume wangu alikuwa amemfundisha jibu. Tangu siku ile mzee akiniona tu mlangoni alisema "Marahaba", kabla sijafungua mdomo, ili asisahau. Mume wangu hakumsahihisha. Alisema mzee amelipa deni la mwaka mzima mapema. Mume wangu naye aliitwa "komshu", yaani jirani kwa lugha yao, ingawa kati ya Langley Park na Wheaton kuna safari nzima ya basi.

Mzee alizungumza juu ya zabibu za kwao kama watu wanavyozungumza juu ya shangazi zao. Tulikuwa tumekaa jikoni, wao na glasi zao, mimi na maji ya zabibu yasiyochacha aliyoniwekea kwenye chupa yangu peke yangu, na mzee akizitaja moja baada ya nyingine. Gamza ni ya kaskazini, karibu na mto mkubwa Danubi. Ngozi yake nyembamba, mvua ikinyesha kidogo inapasuka, na mvinyo wake mwepesi. Pamid ni ya watu wasio na subira, inakamuliwa leo na kunywewa kabla mwaka haujageuka. Dimiat ni nyeupe, ya upande wa bahari. Melnik ni ya kusini kabisa, kwenye vilima vya mchanga, na mvinyo wake wazee walisema ni mzito kiasi kwamba unaweza kuubeba kwenye leso. Mimi ambaye leso kwangu ni ile ninayojifunga kiunoni, nilimwona mwanamke akipanda kilima na mvinyo umefungwa mbele yake kama mahindi. Nikawaambia. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Yake mwenyewe ilikuwa Mavrud. Huko alikozaliwa, chini ya milima, hakukuwa na nyingine ya kuheshimiwa. Ni zabibu ndogo, nyeusi, ngumu ya ngozi, na inachelewa. Wengine wanapokuwa wamevuna na kuosha mapipa, Mavrud bado iko juani inajifikiria. Alisema wakati wa serikali ya chama cha Kikomunisti watu wa mipango walitaka zabibu za Kifaransa, kwa sababu ndizo zilizouzika nje, na mashamba mengi ya zile za zamani yaling'olewa. Alisema hivyo bila hasira. Duka la pombe lililokuwa jirani na mahali tunapofulia nguo Langley Park liliuza mvinyo wa Bulgaria, umepangwa rafu ya chini kabisa, wa bei ndogo. Siku moja mzee alikuja kututembelea, akaingia mle, akainama pamoja na miaka yake yote, na kuzigeuza chupa moja moja ili karatasi zenye jina la nchi zitazame mbele. Mwenye duka alimwangalia tu. Mume wangu akamwuliza kama hiyo ndiyo Mavrud. Mzee akasema hapana, ni ile ya Kifaransa, lakini imezaliwa nyumbani.

Vijiti alivyopandia mizabibu yake alipewa na Mbulgaria mwenzake wa Ohio, naye alipewa na mwingine. Jinsi kijiti cha kwanza kilivyovuka forodha hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Ilikuwa mizabibu mitano, imepandishwa kwenye kichanja nyuma ya nyumba. Mitano haitoshi kujaza pipa. Kila Oktoba mzee alinunua makreti ya zabibu nyeusi za Kalifonia kwenye soko la jumla, akazichanganya na zake. Za Kalifonia zilijaza pipa, alisema, na zake ziliupa mvinyo jina.

Mwaka wa 1998, Septemba, mzee aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa, kisha akapelekwa kwenye nyumba ya mazoezi ya kutembea, na binti yake aliyeishi mbali, huko Kalifonia, alikuja wiki moja akarudi kazini kwake. Kabla ya kupasuliwa, mzee alimpa mume wangu ufunguo wa banda alimotengenezea mvinyo. Alimwagiza kuvuna na kukamua.

Alivuna. Mimi nilibeba ndoo. Zabibu alizisaga kwa mashine ya mkono iliyokuwa bandani, na kwa kuwa hakujua njia ya kuondoa vikonyo, aliviacha humo humo. Pipa likaumuka, likatulia, akahamishia mvinyo kwenye zile chupa kubwa za kioo zilizosukiwa ukili, damajani, na kuzipanga gizani. Jumamosi iliyofuata tulirudi kusafisha. Alipomaliza kufagia, akaushusha mkasi wa kupogolea kutoka msumarini.

Alijua mzee hukata mizabibu Februari. Februari iliyopita alikuwa amemwona: ni siku yao ya mtakatifu wa wakulima wa zabibu, mzee huvaa kofia ya manyoya, hukata matawi kwenye theluji na kumwaga mvinyo juu ya yale aliyoyakata. Mume wangu aliamini Februari ni kwa ajili ya sikukuu tu, kama mtu anayeweka nyama hadi Krismasi. Kwao mzabibu ukishavunwa unakatwa. Tena alimfikiria mzee mwenye nyonga mpya akisimama kwenye theluji juu ya ngazi. Akasema, "Akirudi akute kazi imekwisha." Nilimshikia ngazi. Alikata yote mitano, kila tawi likabaki na macho mawili ya kuchipulia, kama alivyoona mzee akifanya. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyenyolewa kwa ajili ya kufungua shule.

Mzee alirudishwa nyumbani mwishoni mwa Oktoba, na fremu ya kutembelea yenye kiti. Nilikuwa nimepika wali na kuku. Alipita jikoni bila kuangalia chakula, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la nyuma.

"Nani amekata?"

"Mimi, komshu," mume wangu akasema. Alikuwa anatabasamu. "Yote. Macho mawili mawili."

Mzee hakugeuka. Aliuliza kama majani yalikuwa bado yapo alipokata. Mume wangu akasema yalikuwepo, mengine mabichi. Mzee akakaa juu ya kile kiti cha fremu yake.

"Umeiamsha wakati wa kulala," akasema. "Jua bado lina joto. Itachipua. Kisha baridi itakuja na kuua kila ilichochipua. Umeniulia." Kisha akasema, "Nenda nyumbani."

Kwenye basi mume wangu alikaa dirishani. Alisema mzee amechoka, atatulia. Baada ya hapo alibadilisha njia ya kwenda kazini, akawa anazunguka mtaa wa pili. Nilimwambia mara moja aende akaongee naye. Akasema, "Kwetu ningeshukuriwa." Alikuwa mtu mpole lakini akiumizwa hakurudi haraka, na mimi sikumsukuma kwa sababu nilidhani muda upo.

Wiki chache baadaye alikufa.

Nilipokusanya vitu vyake nilikuta ufunguo wa banda kwenye kishikio chake cha funguo. Si halali kukaa na ufunguo wa mtu. Mwili ulipokwisha kuondoka nilipanda basi kwenda Wheaton kuurudisha. Hali ya hewa ilikuwa ya ajabu mwaka ule, karibu Desemba watu wanatembea bila makoti. Mzee alifungua mlango, akaniona peke yangu, akasema, "Marahaba," kisha akatazama nyuma yangu.

Nikamwambia. Niliyasema maneno kama nilivyokuwa nimeyasema kwa watu wengine wengi wiki ile, sauti yangu haikubadilika. Mzee aliuliza siku gani, nikamtajia. Akauliza kama alisema neno lolote, nikamwambia hakuna aliyekuwa naye. Alikwenda akajimiminia maji kwenye sinki, akayanywa akiwa amenipa mgongo. Ufunguo aliuning'iniza msumarini karibu na mlango wa nyuma.

Hapo ndipo nilipotazama dirishani, na nikaona kijani. Kila mahali mume wangu alipokata, mizabibu ilikuwa imetoa majani madogo, laini, yenye rangi ya waridi pembeni. Moyo wangu ulifurahi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwambia, "Tazama, mzee, haikufa. Inachipua."

Mzee alinitazama usoni. Alikuwa ameshasema, Oktoba, kwamba ndivyo itakavyokuwa, nami nilikuwepo nikasikia, lakini huzuni ilikuwa imenifutia. Sasa angeweza kunikumbusha. Aliniambia tu ni majani mazuri.

Kwao Bulgaria wanahesabu arobaini ya marehemu, kama watu wetu wengi wa pwani na hata wa bara. Mzee aliihesabu mwenyewe, akanipigia simu baada ya Krismasi. Alichemsha ngano na sukari na kuniwekea mkate. Kule kwao, alisema, mvinyo mwekundu humwagwa juu ya kaburi. Nikamwambia kaburi liko Dodoma. Akafikiri, kisha akachukua chupa, akatoka nje na fremu yake, polepole, mimi nyuma yake.

Baridi ilikuwa imefika siku zile. Yale majani niliyoyafurahia yalikuwa meusi, yamelegea, kama sukuma wiki iliyosahaulika jikoni. Nilisimama nikayatazama, na maneno ya Oktoba yakanirudia yote kwa pamoja. Mzee alimwaga mvinyo chini ya shina la kwanza. Niliona chupa ilivyoandikwa kwa mkono wake: ulikuwa mvinyo wa mwaka uliotangulia. Ule aliokamua mume wangu alikuwa hajaugusa.

Nikamwuliza kwa Kiingereza changu kilichonyooka, kwa sababu sikutaka kuzunguka: je, mume wangu ameiua?

"Sijui," mzee akasema. "Februari nitajua kidogo. Mwezi wa tatu nitajua yote."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Lakini kuanzia hapo sikuwa na wazo jingine. Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja mgonjwa huko Laurel, namwosha, namlisha, na katikati ya kumfunga vifungo vya nguo nawaza kama ile mizabibu imekufa. Watu wa kanisa walikuja kuniombea. Dada mmoja aliniambia ni vizuri kwamba mume wangu alikufa akiwa na amani na watu wote. Nikammiminia chai. Hakufa na amani na watu wote. Alikufa kukiwa na mtu mmoja aliyemwambia umeniulia, na kama mizabibu ingekauka, basi neno hilo lingebaki kweli, na kila aliyeona kile kichanja kitupu angeweza kusema ni kazi ya mikono yake. Januari mvua ya barafu ilianguka, umeme ukakatika mitaa mingi, na matawi ya miti yakavunjika kwa uzito. Nilikaa gizani nimevaa koti, nikaiona mawazoni mizabibu yote mitano imevikwa kioo.

Wiki hiyo, umeme uliporudi, nilinunua kadi nikampigia mama mkwe wangu. Baada ya salamu na pole nilimwuliza kwao zabibu hukatwa lini.

"Tukishavuna, mwanangu. Tunapumzisha kidogo tu, tunakata. Ukichelewa umepoteza msimu. Kwani huko hukatwa lini?"

Nikamwambia Februari, kwenye theluji. Akanyamaza, nikadhani kadi imeisha tena.

"Mzabibu wa huko unalala?"

"Unalala, mama. Miezi mingi."

"Basi mwambie huyo mzee," akasema, "mwanangu hakuharibu. Alikata kama baba yake alivyomfundisha. Angejuaje mzabibu unaolala?"

Siku ya Wabulgaria ya kukata ni tarehe kumi na nne Februari. Mwaka wa 1999 iliangukia Jumapili. Nilitoka kanisani na nguo zangu za kanisani, kwenye basi wanaume wameshika maua mekundu ya wapenzi wao. Mzee alikuwa ameiacha ile fremu na kushika mkongojo, amevaa kofia yake ya manyoya. Mkasi ulikuwa juu ya meza, na kando yake damajani moja. Akasema hawezi kupanda ngazi, na mikono yake haishiki sawasawa tangu apasuliwe. Nitakata mimi.

Kabla hatujatoka nilimpa ujumbe wa mama mkwe, wote, kama alivyousema. Mzee aliuliza, "Kwao haulali?"

"Haulali. Wanavuna mara mbili kwa mwaka."

"Mara mbili." Akaugusa mkasi uliokuwa mezani. "Basi unapumzika lini?"

Nikamwambia sijui, kwetu Ukambani tunalima mahindi na mbaazi. Akavua kofia akaishika. "Miaka miwili alikaa kwenye kiti hiki," akasema. "Mimi nilimsimulia Mavrud, Gamza, Melnik. Zabibu ya kwao sikumwuliza jina."

Mimi pia silijui. Sikuwahi kuuliza.

Alifungua damajani na kumimina kidogo kwenye glasi, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akanusa, akanywa. Nilisubiri. Nilidhani kwa kuwa ni siku ile, na kwa kuwa mume wangu hayupo, atasema ni mzuri.

"Mkali," akasema. "Umekamuliwa pamoja na vikonyo. Unauma ulimi." Akanywa tena. "Lakini haujaharibika. Apewe miaka miwili akae kimya, atakuwa mtu."

Tukatoka. Alinionyesha kwa ncha ya kisu jinsi ya kukwaruza gome. Chini ya gome la tawi lililo hai kuna utando wa kijani, na chini ya lililokufa kuna kahawia. Kwenye matawi mengi ilikuwa kahawia. Lakini alinieleza jambo nililokuwa sijui: kila jicho la mzabibu lina jicho jingine nyuma yake, dogo, linalolala zaidi. La mbele likifa, la nyuma huenda likaamka. Halizai sana, ila linaishi. Hakusema kwamba liko hai. Alisema hatuwezi kuliona mpaka lenyewe litake.

Nilikata alipoelekeza, chini zaidi ya pale mume wangu alipokata. Vidole viliniuma kwa baridi. Nilipofika tawi la tatu alinipa glasi yenye mvinyo ule mkali akaniambia nimwage juu ya kidonda cha mti, ndiyo desturi, na niseme kinachosemwa kwetu.

Kwetu kulisemwa mambo. Babu yangu alimwaga pombe chini kabla ya kunywa, akiwataja waliotangulia, na kanisa lilitufundisha kukimbia kitu hicho. Nilikuwa na Biblia kwenye mkoba. Nilisimama na glasi ile, sijawahi kushika mvinyo mkononi mwangu kabla ya siku ile, na sikuweza kupata neno ambalo lingekuwa halali. Kwa hiyo nilimwaga kimya. Ulitiririka juu ya tawi, ukaacha alama nyekundu kwenye theluji, na mzee akasema jambo kwa lugha yake ambalo ndani yake nilisikia neno komshu.

Nikarudi Langley Park nisijue zaidi ya nilivyojua.

Machi ikaja. Mzee hakupiga simu na mimi sikupiga. Nadhani tuliogopa kuulizana. Maua ya miti ya mitaani yakaanza, nyasi zikageuka, na kila nilichokiona kinachipua kilinichoma kidogo. Siku moja mwishoni mwa mwezi nilikuwa nampa yule bibi wa Laurel uji wake, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee, bila salamu, hata marahaba yake aliisahau.

"Inalia," akasema. "Njoo."

Nilikwenda siku iliyofuata, nilipokuwa sina zamu. Alinisubiri nje, amesimama chini ya kichanja na mkongojo wake. Alinionyesha kwa mkongojo. Kwenye kila tawi nililokata Februari, mwisho wa tawi palikuwa na tone la maji. Tone lilikua, likaning'inia, likaanguka, na jingine likaanza. Mizizi imeamka, alisema, inapandisha maji, na maji hayajui kwamba juu kumekatwa. Mti uliokufa haulii. Nikaweka kidole chini ya tone nikalionja. Halikuwa na ladha yoyote. Ni maji tu.

Tulikwenda mzabibu hadi mzabibu. Wa kwanza ulilia, wa pili ukalia, wa tatu na wa nne. Nilishika shina la wa nne kwa mikono yangu miwili na hapo ndipo nilipolia mimi, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, kwa sauti, nimesimama nyuma ya nyumba ya mtu, na mzee alitazama ua wa jirani mpaka nilipomaliza.

Wa tano, ule wa karibu na ua, ambao mume wangu aliuanza siku ile, ulikuwa mkavu. Mzee alikwaruza gome juu, katikati na chini kabisa karibu na udongo. Kahawia. Sikutaka anifiche na hakunificha.

"Huu umekufa," akasema. "Minne iko hai. Komshu hakuniulia." Kisha akanipa ufunguo wa banda, nikalete msumeno.

Nilikata, yeye akashika shina lisitikisike. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia, na haukutoa hata unyevu. Ulipokatika aliuegemeza ukutani pamoja na matawi ya Februari. Alisema kuni za mzabibu ndizo wanazochomea mwanakondoo wa Pasaka, na kwamba nije, nami nikasema nitaomba ruhusa kazini. Akaingia ndani kupumzisha nyonga. Nilirudisha msumeno msumarini, nikafunga banda, nikaenda kuwahi basi. Nilipofika Langley Park nilikuta ufunguo bado uko mfukoni mwa koti langu.